Hektopaskali 941 na 945: mbona upepo umepishana hivi? Nani kadanganya?

#1 Daftari la Mvua
Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi.

Nimekuwa nikipitia taarifa za vimbunga vya zamani vya Atlantiki na kuandika pembeni mgandamizo wa hewa wa katikati (kwa hektopaskali, kizio chake) na kasi ya upepo. Nilidhani ni kitu chepesi: mgandamizo ukishuka, upepo unapanda, biashara imekwisha. Mpaka nilipokutana na hivi viwili:

Charley, Agosti 2004, kikitua Florida: hektopaskali 941, upepo kilomita 240 kwa saa.
Sandy, Oktoba 2012, kikitua New Jersey: hektopaskali 945, upepo kilomita 130 kwa saa.

Tofauti ni hektopaskali nne, lakini upepo umepungua karibu nusu! Msimamo wangu ni kwamba mgandamizo ndio kipimo cha kweli na upepo ni makisio ya watu. Nipingeni.

Swali la pili ni la aibu kidogo. Simu yangu ina kihisi cha mgandamizo, na muda huu inasoma 846. Nje jua kali, jani halitikisiki. Rekodi ya dunia nasikia ni 870. Nikimbie?

#2 Siti ya Mbele
Kimbia mkuu, uzi tutakutunzia.

#3 Mama Fizikia
Ulipo ni mita ngapi juu ya usawa wa bahari?

#4 Daftari la Mvua
Kama 1,500 hivi. Ni milimani.

#5 Mama Fizikia
Basi kaa, endelea na chai yako. Karibu na bahari, kila ukipanda mita nane hivi unapoteza hektopaskali moja, kwa sababu hewa iliyokuwa juu ya kichwa chako imepungua. Kwenye mita 1,500 hewa ya kawaida kabisa inasoma kama 846. Namba za vimbunga zote huwa zimerejeshwa kwenye usawa wa bahari, ambako kawaida ni 1013. Simu yako iko sawa, imekosa tu kuambiwa iko mlimani.

Sasa Charley na Sandy. Hakuna aliyedanganya. Upepo hausukumwi na ile namba ya katikati, unasukumwa na jinsi mgandamizo unavyobadilika kutoka hatua moja hadi nyingine. Toa 941 kwenye 1013, unabaki na 72. Toa 945, unabaki na 68. Vilima viwili vyenye kimo karibu sawa. Ila Charley kilikuwa kidogo mno, upepo wake mkali kabisa ulikuwa kilomita kumi na kidogo tu kutoka katikati. Huo ni ukingo wa genge. Sandy kilikuwa kimetandaza upepo wa dhoruba kwa upana wa zaidi ya kilomita 1,500, kwa hiyo mteremko wake ni ule ambao hata baiskeli haihitaji breki.

#6 Fundi Paa
Mleta mada, huo ni msimamo wa mtu ambaye hajawahi kupanda juu ya nyumba. Msumari haujui hektopaskali. Unajua upepo.

Nguvu inayosukuma ukuta inaenda na mraba wa kasi. Kutoka 130 hadi 240 kasi haijafika hata mara mbili, lakini msukumo umezidi mara tatu. Ndiyo maana kipimo cha Saffir-Simpson, kile cha kupanga vimbunga kwa madaraja, kinatazama upepo peke yake: kuanzia 119 daraja la kwanza, 252 na kuendelea daraja la tano. Charley daraja la nne, Sandy nguvu za daraja la kwanza. Basi.

#7 Nahodha Mstaafu
Hiyo "basi" umeiweka mapema, fundi. Saffir alikuwa mhandisi wa majengo kama wewe, lakini Simpson alikuwa mtu wa hali ya hewa, na jedwali lao la zamani lilikuwa na mgandamizo ndani yake pamoja na kimo cha maji ya bahari. Chini ya 920 ilikuwa daraja la tano, 920 hadi 944 la nne, 945 hadi 964 la tatu. Kwa jedwali hilo Sandy kingekaa la tatu, jirani kabisa na Charley.

Mgandamizo na maji viliondolewa kufikia mwaka 2010 kwa sababu safu za jedwali zilikuwa zinagombana. Upepo unasema la kwanza, mgandamizo unasema la tatu, maji yanasema lake. Wakaamua kubaki na mmoja anayesikika.

#8 Daftari la Mvua
Shikamoo nahodha. Kumbe hata wenyewe waligombana! Bado nasimama na mgandamizo.

#9 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Mimi sijasema uko sahihi. Nimesema fundi kaharakisha.

#10 Kisiwa cha Tatu
Si ndiyo maana Wilma ya 2005 ni rekodi ya dunia? 882, na jicho lake, ile sehemu tulivu ya katikati, lilikuwa na upana wa kilomita nne tu. Mgandamizo ndio mfalme.

#11 Anga na Bahari
Marekebisho: Wilma ni rekodi ya Atlantiki. Rekodi ya dunia ni Tip, Pasifiki ya magharibi, Oktoba 1979, hektopaskali 870, na hiyo ilipimwa na ndege iliyoingia ndani.

Huko kileleni ndiko mambo yanakochanganya zaidi. Tip kilipewa kilomita 305 kwa saa. Patricia ya 2015 ilishuka hadi 872, yaani mgandamizo wake ulikuwa juu kidogo ya wa Tip, lakini upepo ulifika 345. Kwenye Atlantiki ni hivyo hivyo: Wilma 882 na upepo 295, Allen ya 1980 haikushuka chini ya 899 na bado ilipewa 305. Aliyezama chini kuliko wote siye aliyevuma kuliko wote.

#12 Namba Hazilali
Nyie mnabishana kwa maneno, fomula ipo. Atkinson na Holliday, 1977. Unachukua 1010, unatoa mgandamizo wa katikati, unapandisha kwa kipeo cha 0.644, unazidisha kwa 6.7, unapata kasi kwa noti (za baharini, si za benki). Zidisha 1.852 upate kilomita kwa saa.

Nimewapigia:
Charley: kama 190.
Sandy: kama 182.

#13 Fundi Paa
Na vilivyoonekana ni 240 na 130. Fomula yako imewakosa wote wawili, mmoja kwa 50 huku, mwingine kwa 50 kule. Hongera, wastani umepatia 😂

#14 Siti ya Mbele
Mtu kapiga shabaha mbili akatoboa ukuta katikati yake.

#15 Namba Hazilali
Cheka tu. Ndiyo fomula iliyotumika miaka mingi.

#16 Mama Fizikia
Ilitumika, ndiyo, ila ilitengenezwa kwa vipimo vya Pasifiki ya magharibi. Kule hata hewa ya pembezoni mwa kimbunga huwa na mgandamizo mdogo kuliko Atlantiki, kwa hiyo 900 ya kule si tofauti ileile na 900 ya huku. Namba ya katikati bila namba ya pembezoni ni kama kuniambia shimo lina kina gani bila kusema umeanzia kupima wapi.

Halafu iongezee vitu vitatu. Ukubwa, tumeshausema. Latitudo: ukisogea mbali na ikweta, mzunguko wa dunia unachukua sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kuzuia ule mvuto wa kwenda katikati, kwa hiyo mteremko uleule unatoa upepo pungufu. Sandy kilitua karibu na latitudo 39, Charley karibu na 27. Na mwendo wa kimbunga chenyewe, unaojumlishwa upande mmoja na kutolewa upande wa pili. Zaidi ya hapo Sandy kilikuwa kimebadilika umbo muda mfupi kabla ya kutua, hakikuwa tena kimbunga cha kitropiki kwa maana kamili. Fomula yenye kitu kimoja ndani haiwezi kujua yote hayo.

#17 Daftari la Mvua
Lakini dada, hayo yote yanathibitisha kwamba *upepo* ndio unaobadilika ovyo. Mgandamizo umetulia pale pale.

#18 Nahodha Mstaafu
Hapo kwa upepo kubadilika ovyo nakuunga mkono nusu, na nina kisa.

Miaka yangu ya kwanza melini nilipewa kuandika kitabu cha hali ya hewa. Nikasoma anemometa (kipima upepo) ya mlingotini: noti 48. Nikaandika 48, Beaufort 10 (kipimo cha mabaharia cha nguvu za upepo), dhoruba, kwa mwandiko mzuri kabisa. Afisa wa zamu akasoma, akatazama nje dirishani, akanitazama mimi. Akauliza, "Meli inakwenda noti ngapi?" Nikasema 18. "Upepo unatoka wapi?" Mbele. Hakuongeza neno. Nikakata 48, nikaandika 30, Beaufort 7. Ile mistari miwili ya kukata ilibaki kwenye kitabu safari nzima, na kila aliyeshika zamu aliiona.

Barometa kwenye meli ileile haikuhitaji kuulizwa meli inakwenda wapi. Na bado 30 ile ilipimwa juu mlingotini, wakati kipimo rasmi ni mita 10 kutoka chini. Juu zaidi upepo ni mkali zaidi.

#19 Siti ya Mbele
Noti 18 za bure. Ungekuwa benki ungefungwa, mzee wangu.

#20 Fundi Paa
Sawa, sasa anijibu mtu: katikati ya bahari, hakuna mlingoti wala nyumba, hizo 345 za Patricia zilipimwa na nani?

#21 Anga na Bahari
Ndege. Wanaingia kwa kimo cha kama kilomita tatu, wanavuka ukuta wa jicho (mkanda wa mawingu unaolizunguka jicho, penye upepo mkali kabisa), wanatoka upande wa pili, wanarudia. Upepo wa kule juu hauchukuliwi kama ulivyo. Kwa kimo hicho kwenye ukuta wa jicho, desturi ni kuchukua kama asilimia 90 yake kuwa ndio wa usawa wa bahari. Kuna pia chombo kinachotazama povu la bahari kwa mawimbi ya redio, povu likizidi wanajua upepo umezidi.

Kisha kuna dropsondi, bomba jepesi lenye vihisi na parachuti, linaangushwa na kutuma vipimo likishuka: mgandamizo, joto, unyevu, upepo. Lazima lianguke katikati kabisa ya jicho ndipo usome mgandamizo wa chini, na mara nyingi haliangukii hapo, linasukumwa. Kwa hiyo wakikuta limefika majini penye upepo wa noti 20, wanajua halikuwa katikati, wanatoa hektopaskali moja kwa kila noti 10. Likisoma 902, wanaandika 900.

Nakuomba uitazame hiyo kwa makini, Daftari la Mvua. Mgandamizo wako "wa kweli" umerekebishwa kwa kutumia upepo.

#22 Daftari la Mvua
Hapo nimepigwa.

#23 Kisiwa cha Tatu
Na penye hakuna ndege?

#24 Anga na Bahari
Wanasoma mawingu. Mbinu ya Dvorak, ya miaka ya 1970: unatazama picha ya satelaiti, umbo la mkanda wa mawingu, jicho lina joto gani na vilele vinavyolizunguka vina baridi gani, unatoa alama kutoka 1 hadi 8. Alama inageuzwa kuwa upepo, na kwenye jedwali hilohilo inageuzwa kuwa mgandamizo. Pasifiki ya magharibi ndege za kawaida za upimaji ziliacha kuruka mwaka 1987, kwa hiyo namba nyingi za huko baada ya hapo ni watoto wa picha.

Mfano ni Haiyan, Novemba 2013. Kituo cha pamoja cha jeshi la Marekani kilisema kilomita 315 kwa saa. Idara ya hali ya hewa ya Japani ikasema 230, na mgandamizo 895. Kimbunga kimoja.

#25 Namba Hazilali
Hilo rahisi. Wamarekani wanachukua wastani wa dakika moja, Wajapani wa dakika kumi. Wastani mrefu unameza miruko, lazima uwe mdogo.

#26 Mama Fizikia
Si rahisi hivyo, piga hesabu yako. Kugeuza dakika moja kuwa dakika kumi juu ya bahari watu huzidisha kwa 0.93, zamani 0.88. Chukua hata ile ya zamani: 315 mara 0.88 ni 277. Bado hujafika 230. Pengo lililobaki halina uhusiano na saa, ni watu wawili wametazama mawingu yaleyale na kuyageuza kwa majedwali tofauti.

#27 Namba Hazilali
Leo siku yangu si nzuri.

#28 Pwani Halisi
Nimesoma wote na mnanishangaza. Mnabishana upepo na mgandamizo, wakati kinachoua watu wengi ni maji. Katrina ilitua ikiwa daraja la tano na bahari ikaingia mjini. Mgandamizo mdogo unavuta bahari juu, ndiyo sababu.

#29 Anga na Bahari
Hoja ya maji nakubali, namba mbili nazirekebisha. Katrina ilikuwa daraja la tano ikiwa bado kwenye Ghuba ya Meksiko, 902. Ilipotua Louisiana ilikuwa la tatu, kilomita 205 kwa saa, hektopaskali 920.

Na mgandamizo unavuta bahari kidogo tu, kama sentimita moja kwa kila hektopaskali iliyopungua. Toa 920 kwenye 1013: sentimita 93. Kwenye pwani ya Mississippi maji yalifika mita zaidi ya nane. Hizo nyingine zilisukumwa na upepo, juu ya sakafu ya bahari isiyo na kina, na kimbunga kikubwa kilichoanza kuzisukuma kikiwa mbali.

#30 Fundi Paa
Upepo! Asanteni, nafunga duka.

#31 Pwani Halisi
Usifunge. Upepo wa Katrina ikitua ulikuwa mdogo kuliko wa Charley, mbona maji yalikuwa mengi mara kadhaa? Ni ukubwa. Ike ya 2008 ilitua Texas ikiwa daraja la pili tu, kilomita 175, na ilileta maji ya mita nne na zaidi. Wewe ukimwambia mtu "daraja la pili" anakwenda kulala.

#32 Daftari la Mvua
Na Katrina 920, Ike 950, Sandy 945. Mgandamizo uliwaona wote hao wakati upepo umewadharau! Nafufuka.

Halafu kuna hili: mwaka 2020 watafiti walilinganisha hasara za vimbunga vilivyopiga bara la Marekani, wakaona mgandamizo wa kutua unaeleza hasara vizuri kuliko kasi ya juu ya upepo. Mgandamizo unabeba na ukubwa ndani yake.

#33 Fundi Paa
Hasara za fedha, si za nyumba moja moja. Kimbunga kikubwa kinagusa nyumba nyingi, bili inakuwa ndefu. Mimi nikijenga nyumba *hii*, hapa, nahitaji upepo utakaoipiga yenyewe. Andrew ya 1992 ilikuwa ndogo, 922, waulize walioikuta. Kwanza ilihesabiwa daraja la nne, ikaja kupandishwa la tano mwaka 2002, miaka kumi baadaye, baada ya kuelewa vizuri zaidi upepo wa kule juu unafikaje chini. Paa zilikuwa zimeshajua.

#34 Kisiwa cha Tatu
Swali pembeni. Nyumbani tulikuwa tunaambiwa upepo mkali ukija fungua madirisha, mgandamizo wa nje ukishuka nyumba isije ikapasuka kama puto. Kweli?

#35 Fundi Paa
FUNGA. Nyumba haijazibwa kama chupa, hewa inapita kila ufa, tofauti hiyo inajisawazisha yenyewe. Ukifungua dirisha unaukaribisha upepo ndani ukasukume paa kutoka chini, huku wa nje unalivuta kutoka juu. Paa linapigwa pande mbili. Nimeona chumba ambacho kitu pekee kilichobaki kimefungwa ni kitasa cha mlango.

#36 Siti ya Mbele
Mlango wenyewe ulikwenda wapi?

#37 Fundi Paa
Tuliukuta kwa jirani.

#38 Anga na Bahari
Niwape wa upepo kitu cha kutafakari. Krismasi ya 1974, kimbunga Tracy, mji wa Darwin, Australia. Anemometa ya uwanja wa ndege iliandika mvumo (mruko wa upepo wa sekunde chache) wa kilomita 217 kwa saa kisha ikaharibika. Baada ya hapo? Hakuna namba. Mgandamizo uliendelea kusomwa hadi kama 950. Kwa jedwali lile la zamani la nahodha hiyo ni daraja la tatu, na mji ulilala chini.

Upande wa pili, rekodi ya dunia ya mvumo nje ya tonado ni 408, kisiwa cha Barrow, Australia, kimbunga Olivia, Aprili 1996. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuja kuitambua 2010. Olivia hata haitajwi na mtu anapohesabu vimbunga vya mgandamizo mdogo. Sehemu moja, mvumo mmoja, chombo kilichobahatika kubaki kimesimama.

#39 Mama Fizikia
Ndiyo maana mimi sijibu "kipi kina nguvu" mpaka uniambie nguvu ya kufanya nini. Na kwa wakati gani. Ukuta wa jicho ukibadilishwa na mwingine mpana zaidi, upepo wa juu unashuka ndani ya saa chache huku mgandamizo ukiwa haujapanda sana, na upepo wa pembezoni unaongezeka. Mmoja ataandika kimedhoofika, mwingine ataandika kimekua.

#40 Fundi Paa
Jibu la mwalimu hilo. Nguvu ya kung'oa.

#41 Pwani Halisi
Ya kuzamisha.

#42 Nahodha Mstaafu
Sisi tulitaka ya kukimbia. Satelaiti haikuwa mezani kwetu, barometa ilikuwepo. Tropiki mgandamizo unapumua mara mbili kwa siku: unapanda hadi saa nne asubuhi, unashuka hadi saa kumi jioni, unapanda tena saa nne usiku, unashuka saa kumi alfajiri. Usipolijua hilo kila jioni utadhani kimbunga kinakuja. Ukishatoa huo mpumuo, ukikuta umeshuka hektopaskali tatu chini ya kawaida ya msimu, tia shaka. Tano, geuza meli. Na ukitaka kujua kiko wapi, uelekee upepo: kaskazini ya ikweta kiko kuliani kwako na nyuma kidogo, kusini ya ikweta kushotoni.

Hakuna aliyeuliza daraja la ngapi.

#43 Daftari la Mvua
Nahodha, nimejaribu. Simu mezani, sikuigusa, jana hadi leo:

Saa nne asubuhi 847.1
Saa kumi jioni 844.2
Saa nne usiku 846.6
Saa kumi alfajiri 844.9

Inapumua kweli! Nimeangalia mara mbili mbili.

#44 Siti ya Mbele
Kutoka asubuhi hadi jioni imeshuka 2.9. Bado 0.1 nahodha akutilie shaka.

#45 Nahodha Mstaafu
Nimesema *ukishatoa mpumuo*, kijana.

#46 Fundi Paa
Mimi nina swali moja tu. Hiyo ya saa kumi alfajiri, uliamka kuisoma?

#47 Daftari la Mvua
Sikuamka. Nilisema tangu #1 kwamba silali.